Hasira zikipanda unazishushaje? Maswali mnayouliza sana kuhusu hisia na mfumo wa neva

Haya maswali yamejirudia mpaka nimeona bora niyaweke sehemu moja, maana nimechoka kuandika jibu lile lile kwa kila mtu. Mi sio daktari. Ni mtu ambae hasira na wasiwasi vilimtesa miaka mingi akaamua kusoma nini hasa kinaendelea mle ndani, na nilichokuja kugundua ni kwamba mda wote ule nilikua nabishana na mwili kwa maneno wakati mwili wenyewe hausikii maneno. Soma swali linalokuhusu, mengine ruka.

Mfumo wa neva ndo nini, na mimi kukasirika unahusika vipi?

Ni ubongo, uti wa mgongo na nyuzi zote zinazotoka hapo kwenda kila kona ya mwili, wengine tulifundishwa shuleni kwa jina la mfumo wa fahamu. Sehemu inayotuhusu hapa ni ile inayojiendesha yenyewe, ndo inayosimamia mapigo ya moyo, jasho, tumbo, mate, mboni za macho, bila kukuomba ruhusa. Ina pande mbili. Upande wa kwanza unaitwa simpathetiki, huo ukiamka ni kama umekanyaga mafuta. Wa pili parasimpathetiki, hiyo ndo breki. Zote zinafanya kazi saa 24, hata ukiwa umelala, kinachobadilika ni ipi imekanyagwa zaidi saa hiyo.

Sasa hasira, hofu, aibu, hata furaha ile ya kupiga kelele, haziji kama mawazo tu, zinakuja na mwili mzima. Na Kiswahili mbona kilishalijua hili zamani, si tunasema hasira zimempanda, mori umempanda, presha imepanda, alafu tunasema zimeshuka. Kila kitu kinapanda na kushuka. Kwahiyo kazi yetu ni kujua kinachopandisha na kinachoshusha, ni hilo tu, ila lina mambo ndani yake.

Mbona najikuta nimesharopoka kabla hata sijafikiria?

Ngoja nikupe mfano wangu. Kuna siku saa nne usiku niko kitandani simu ikawaka, meseji ya bosi: "Kesho ukifika pitia ofisini kwangu." Basi. Maneno matano, hakuna salamu hakuna sababu. Kabla sijafika mwisho wa sentensi mdomo umeshakauka, tumboni kama kuna kitu kimedondoka, viganja vimelowa, na shingo kwa nyuma imekua ya moto kabisa. Nikaanza kuandika jibu nikafuta, nikaandika tena lenye maswali matatu na lawama moja nikafuta, vidole vyenyewe vinakosea herufi.

Kilichotokea ni hivi. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio kwa ndani, kuna vitu viwili vidogo umbo la lozi vinaitwa amigdala, kazi yao kubwa ni kunusa hatari. Vinafanya hesabu haraka haraka na havisubiri ushahidi. Vikishtuka taarifa inashuka mpaka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, adrenalini inamwagika ndani ya sekunde chache, moyo unaongeza kasi, damu inapelekwa kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono. Tumbo linanyimwa damu, ndo ile tumbo joto. Mate yanapungua, ndo mdomo unakauka. Yote hayo ni maandalizi ya kupigana au kukimbia, na alieyaelezea vizuri ni Walter Cannon wa chuo kikuu cha Harvard mwaka 1915.

Shida ni kwamba bosi hapigwi wala hakimbiwi. Alafu ile sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupima mambo na kuuzuia ulimi, ni ya taratibu zaidi, na stresi ikizidi inalegea. Tena ndo sehemu inayochelewa kukomaa kuliko zote, mpaka mtu anafika miaka 20 na kitu huko bado inajengwa. Kwahiyo ukiropoka sio lazima una roho mbaya, mafuta yamewahi kabla ya usukani.

Nikijiambia "tulia" mbona hainisaidii?

Hakuna mtu aliewahi kutulia kwa kuambiwa tulia, ukitaka kuhakikisha mwambie mwenzio hilo neno wakati amefura, utakuja kunihadithia.

Sababu ni kwamba njia kati ya mwili na ubongo ina magari mengi zaidi yanayopanda kuliko yanayoshuka. Breki yenyewe inapita kwenye neva moja ndefu sana inaitwa vagasi, ni ya 10 kwenye zile jozi 12 zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo, inatokea kule chini kisogoni, inapita shingoni, inafika kwenye moyo, mapafu, mpaka tumboni. Nyuzi zake nyingi zinapeleka habari juu, yaani zinauambia ubongo hali ya huku chini ikoje. Kama huku chini moyo unagonga kama ngoma na pumzi ni fupi fupi, ubongo unasoma hatari, hata ujihubirie vipi.

Na hii breki sio lugha ya picha. Mwaka 1921 kuna bwana anaitwa Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya chura, akaishtua neva ya vagasi ya moyo wa kwanza, ukapunguza kasi, alafu yale maji uliokua umeloweka akayahamishia kwenye moyo wa pili, nao ukapunguza kasi wakati haujaguswa. Maana yake kuna kemikali ilimwagwa, leo tunaiita asetilikolini. Wazo la hilo jaribio anasema lilimjia ndotoni. Mwaka 1936 akapewa Nobel pamoja na Henry Dale. Nakwambia haya ili ujue unaposhusha mwili kuna kitu halisi kinamwagika kwenye moyo wako.

Sawa, sasa hiyo breki inakanyagwaje?

Kwa kushusha pumzi. Angalia hilo neno lenyewe, mtu akipona balaa tunasema ameshusha pumzi, hatusemi amevuta.

Fanya hivi sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Weka vidole viwili kwenye mkono wa pili, chini ya kidole gumba pale mapigo yanaposikika, tulia kidogo mpaka uyapate. Vuta hewa taratibu kwa pua, sikiliza. Alafu itoe taratibu sana kama unapuliza kitu cha moto. Wengi mtasikia mapigo yanaongezeka kidogo wakati wa kuvuta na yanapungua wakati wa kutoa. Sio ugonjwa huo, ndo vagasi inafanya kazi, ukivuta breki inaachiwa kidogo, ukitoa inakanyagwa. Kwahiyo ukirefusha kutoa kuliko kuvuta unaipa breki mda mwingi zaidi. Hesabu 4 kuvuta na 6 kutoa inatosha, inakupeleka kwenye pumzi kama 6 kwa dakika wakati mtu mzima akiwa amekaa tu huwa anapumua mara 12 mpaka 20.

Kuna namna nyingine watafiti wa Stanford waliitoa mwaka 2023, unavuta hewa mara mbili mfululizo, ya kwanza ndefu, ya pili kipande tu cha kumalizia juu yake, alafu unaitoa yote polepole kwa mdomo. Dakika 5 kwa siku kwa mwezi, na waliofanya hivyo furaha yao ilipanda kuliko ya wale waliokua wanafanya meditesheni ya kutazama pumzi.

Hapa nina ugomvi kidogo na wale wanaosema "vuta pumzi ndefuuu" wakaishia hapo. Mtu mwenye wasiwasi tayari anavuta hewa nyingi mno, akiongeza mivuto mikubwa mikubwa ya haraka anatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, kichwa kinakua chepesi, vidole na midomo inafanya ganzi, anaona ndo anakufa. Kutoa ndo kwenye kazi.

Kingine ni maji baridi usoni. Loanisha kitambaa kweli kweli, weka kwenye macho na mashavu, zuia pumzi sekunde chache, mapigo yanashuka kwa sababu mwili unadhani umezama. Ila kama una ugonjwa wa moyo hii achana nayo mpaka umuulize daktari.

Inachukua mda gani mpaka nishuke?

Hili watu hawalijui na ndo linaharibu ndoa nyingi. Ile adrenalini ya mwanzo inapungua ndani ya dakika chache, lakini nyuma yake kuna homoni ingine inaitwa kotisoli ambayo ni mzito wa kuamka, kilele chake kinakuja kama dakika 20 mpaka 30 baada ya tukio. Yaani wewe unajiona umeshapoa kumbe wimbi la pili ndo linafika. Ndo maana mtu anarudi baada ya dakika 3 kusema "haya tuyaongee" na mnalianzisha upya kubwa kuliko la kwanza.

John Gottman, ambae ametafiti wanandoa Marekani kwa miongo kadhaa, anashauri mkiona mmoja amefurika mpumzike angalau dakika 20. Mi ningeongeza kwamba hizo dakika 20 usizitumie kupanga utakachomjibu. Ukikaa chumba cha pili unatunga hoja kichwani mwili unaendelea kupigana, saa haijaanza kuhesabu. Osha vyombo, kunja nguo, zungukia nje. Na kabla hujaondoka sema unaondoka na utarudi saa ngapi, maana kuondoka kimya kimya kwa yule anaebaki ni hatari nyingine kabisa.

Kuna ile mnanitumia kwamba hisia yoyote inaisha kwa sekunde 90. Msiishi na saa mkononi kwa ajili ya hiyo.

Si nikikaa kimya nisionyeshe kitu ndo nimejidhibiti?

Umeidhibiti sura. Mwanasaikolojia James Gross alipowawekea watu filamu za kuchukiza akawaambia wengine wafiche wanachohisi, usoni kweli walificha, ndani mwili uliendelea kupanda, tena kwenye vipimo vingine zaidi ya wasioficha. Kilichosaidia zaidi ni kulitazama jambo kwa namna ingine mapema, kabla halijapanda. Mfano aliekupita bila salamu, labda hakukuona. Ukisubiri mpaka umeshafika juu hilo wazo utaliona la kipumbavu, ndo maana nasema mwili kwanza alafu maelezo.

Badala ya kuficha, itaje. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walionyesha watu picha za sura zenye hisia huku wanapigwa picha za ubongo, walipokua wanataja hisia kwa jina amigdala zao zilitulia zaidi. Ila jina liwe lenyewe. "Nimekasirika" linabeba mizigo mingi mno, mara nyingi chini yake kuna nimedharauliwa, nimeona wivu, nimeaibika, nimechoka, naogopa. Mimi ile usiku neno lilikua naogopa kufukuzwa, na ilinichukua kama robo saa kulikubali kwa sababu kukasirika kuna heshima kidogo kuliko kuogopa.

Si bora nizitoe zote, nipige mto, nipige kelele zitoke?

Hapana. Uchambuzi wa tafiti 154 uliotoka mwaka 2024 umeonyesha vitu vya kupandisha mwili havipunguzi hasira, na kukimbia kulielekea hata kuiongeza. Vilivyopunguza ni vya kushusha, kupumua, kulegeza misuli, meditesheni. Mazoezi endelea nayo, yana faida nyingine kibao, usitegemee tu yakutoe kwenye ugomvi wa dakika tano zilizopita.

Mimi sipandi, mi naganda. Nikifokewa maneno yananiisha kabisa, nina tatizo?

Meseji za hivi ni nyingi kuliko za hasira na wengi mnaziandika kwa aibu. Kiswahili kina jina lake, kupigwa na bumbuwazi. Miguu mizito, sauti haitoki, unamuangalia mtu mdomo unacheza wala humsikii, alafu jioni ukiwa unaoga majibu yote mazuri ndo yanakuja. Sio woga wala ujinga. Wanyama wengi wakiona hatari huganda kwanza, mara nyingi moyo unapunguza kasi, misuli inakaza, wanasubiri. Mwili wako umechagua hiyo.

Kwa mtu wa hivi kufumba macho na kupumua taratibu kunaweza kumzamisha zaidi. Wewe unatakiwa kuamshwa. Kandamiza nyayo sakafuni, sukuma ukuta kwa viganja, geuza shingo uangalie chumba chote, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona na rangi zake, shika kitu cha baridi. Na uwe na sentensi moja umeiandaa kabla, kama "naomba mda nitakujibu kesho", irudie mpaka itoke yenyewe, maana saa ya bumbuwazi hutaweza kuitunga.

Mtakutana na nadharia ya Stephen Porges ya mwaka 1994 inayogawa vagasi mara mbili na kusema kuganda kunatoka kwenye ile ya zamani, tuliyorithi kwa wanyama wa kale. Makaunsela wengi wanaipenda sana, baadhi ya wanafiziolojia wanasema maelezo yake ya maumbile ya neva hayasimami. Mi nachukua mazoezi yake, kesi yao nawaachia wenyewe.

Mwenzangu au mtoto akipanda nifanyeje?

Shuka wewe kwanza. Mwili unasoma mwili wa jirani, sauti, sura, kasi ya pumzi. Mwaka 2006 James Coan aliwaweka wanawake 16 walioolewa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku wanasubiri kupigwa shoti ndogo ya umeme. Walipokua wameshikwa mkono na waume zao ubongo ulitulia kuliko waliposhikwa na mtu wasiemjua, na kwa wenye ndoa nzuri zaidi utulivu ulikua mkubwa zaidi.

Mtoto mdogo hana breki ya kutosha, anaazima yako, kwahiyo ukimfokea anyamaze umemnyima mkopo. Kaa chini usawa wake, punguza sauti mpaka alazimike kunyamaza ili akusikie, shusha pumzi ndefu yenye kusikika. Mafunzo ya tabia baadae akishapoa. Mtu mzima muulize tu "nikae hapa au nikuache kidogo?" alafu heshimu jibu.

Kwanini siku zingine kila kitu kinaniudhi, hata mtu akitafuna?

Umelala saa ngapi? Kwenye utafiti mmoja wa 2007 watu waliokeshwa amigdala zao ziliitikia picha mbaya kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko waliolala. Njaa nayo, na maumivu. Na kafeini, nusu ya uliokunywa saa kumi jioni bado inazunguka mwilini saa tatu saa nne usiku. Kabla ya kumuacha mchumba lala kwanza.

Nitajuaje kama ni wasiwasi au ni ugonjwa?

Usijipime kwa kusoma huku. Maumivu ya kifua yanayosambaa kwenye mkono au taya, kuzimia, kushindwa kupumua, hospitali saa hiyo hiyo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, na baadhi ya dawa vinaleta moyo kwenda mbio na kutetemeka vile vile kama wasiwasi, kwahiyo vipimo kwanza. Lile shambulio la hofu la ghafla mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika 10 alafu linashuka. Na kama kuna mambo ya nyuma yanakurudia kila siku, au unawaza kujidhuru, pumzi za hesabu hazitoshi, mwambie mtu wa karibu leo na mwende pamoja kwa mtaalamu.

Nimefanya wiki nzima bado napanda, hii kitu inafanya kazi kweli?

Unafanya ukiwa umepanda au ukiwa umetulia? Wengi wanakumbuka siku ya moto, ni kama kujifunza kuogelea siku mtumbwi umepinduka. Fanya kila siku ukiwa mzima, dakika 5 tu, hata ukiwa kwenye foleni.

Alafu unapima kitu kisicho sahihi. Kupanda utapanda mpaka unaingia kaburini, na ni vizuri, asiepanda kabisa gari litamgonga. Pima mda wa kurudi. Mimi zamani ugomvi wa asubuhi nilikua nalala nao, siku hizi mara nyingi mchana umeshaisha. Na pima umeishtukia mapema kiasi gani. Kila mtu ana dalili yake ya kwanza, yangu ni ile shingo ya moto na taya kubana, kuna rafiki yangu yeye mguu unaanza kutikisika chini ya meza, mwingine anaanza kuongea kwa adabu iliyozidi. Itafute yako, muulize unaeishi nae, anaijua siku nyingi. Ukiikamata kwenye 3 ya 10 una nafasi ya kufanya kitu, ukiishtukia kwenye 9 ondoka tu hapo.

Sasa bosi alikua anataka nini?

Hili ndo mnaloniuliza kuliko yote. Ile usiku simu niliiacha sebuleni, nikakaa ukingoni mwa kitanda miguu chini, nikashusha pumzi mpaka shingo ikapoa, haikupoa haraka. Nikarudi nikaandika "Sawa bosi, nitapita", nikalala, sio vizuri sana lakini nililala. Asubuhi akaniambia nahamishwa kitengo. Sikufukuzwa, ila sikupenda, na pale pale kwenye kiti shingo ikawaka tena. Nikakandamiza nyayo sakafuni, nikatoa hewa kwa pua polepole asione, nikamuuliza kuanzia lini.

Akasema Jumatatu.